Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wenye nyumba wenzangu wa Moshi

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu habari za asubuhi.

Mwaka jana, katika ukumbi huu huu, niliwaahidi mambo matatu: mfano wa mkataba wa upangaji, fundi umeme asiyetukimbia, na semina ya kodi za serikali. Mkataba umepatikana na umeshachapwa. Fundi tumempata, ingawa simu yake ana kawaida ya kuizima Jumamosi. Semina haikufanyika, na kosa ni langu. Nilingoja mtoa mada aliyekuwa kila wiki anasema wiki ijayo. Nitajaribu kulipunguza deni hilo humu ndani. Vikao vya kamati vimefanyika kila robo, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitumie muda wangu kwa yale yaliyotuumiza.

Nianze na lililoniumiza mwenyewe. Wengi mmeshalisikia, maana mtaani kwetu Pasua hakuna siri.

Nilikuwa na mpangaji wa chumba na sebule, elfu themanini kwa mwezi. Alifikisha miezi mitatu hajalipa. Kila nikigonga ananijibu kwa adabu kabisa, "Mama, mwisho wa mwezi." Jumatatu moja alipokwenda kazini nikatia kufuli langu juu ya lake. Jioni akarudi amemshika mkono mwanawe mwenye sare za shule, akasimama mbele ya mlango, hakusema neno. Nilikuwa dirishani namwangalia, na nakiri kwamba kwa dakika tano hivi nilijiona nimeshinda.

Keshokutwa yake nikaitwa ofisi ya mtaa. Kijana akadai kwamba chini ya godoro aliacha laki nne na sasa hazipo. Mimi sikuingia ndani hata mara moja, lakini aliyefunga mlango ni mimi, sasa nitajitetea vipi? Nikaulizwa mkataba, sina. Nikaulizwa stakabadhi, nikatoa kaunta buku langu. Ukurasa una jina lake, chini yake "kalipa", "kalipa", "bado". Hakuna tarehe, hakuna sahihi yake. Mwenyekiti wa mtaa akalifunga taratibu akanirudishia, kama mwalimu anavyomrudishia mtoto daftari la hesabu lisilo na hesabu. Tukaafikiana nisamehe deni lote, yeye ahame ndani ya wiki mbili, na habari ya laki nne iishe. Laki mbili na arobaini zikaenda hivyo, na bahati yangu hakunidai zaidi.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu najua humu ndani kuna kufuli nyingine, na kuna mmoja wetu mwaka huu aling'oa mlango akauweka uvunguni mwa kitanda chake. Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na baadhi yetu tukadhani tangu siku hiyo mwenye nyumba ni mfalme. Sivyo. Upangaji unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 pamoja na mlichokubaliana, na makubaliano ya mdomo mkishagombana kila mtu anakumbuka ya kwake.

Kwa hiyo mpangaji akichelewa, andika barua. Taja miezi anayodaiwa, kiasi, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Mpelekee mbele ya mjumbe, asaini nakala, nakala ubaki nayo. Akikataa kusaini, mjumbe aandike kwamba amekataa. Ikishindikana hapo, nenda baraza la ardhi la kata. Tangu 2021 baraza hilo kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu, hivyo usiende ukitarajia mgambo wa kumtoa mtu. Usuluhishi ukishindikana ndipo shauri linapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni safari ndefu, sikatai. Ila mwenye barua tatu zilizosainiwa huwa haifiki mbali. Mpangaji akiona karatasi, mara nyingi analipa au anahama mwenyewe usiku.

La pili ni umeme. Malalamiko yaliyofika kwa kamati mwaka huu mengi yalihusu luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, moja inayotumiwa na vyumba vitano au sita. Mnajua inavyokuwa: kila chumba kinachanga elfu tano, umeme unakatika tarehe 19, na uani hakukaliki. Tulikaa na wapangaji wa mwanachama mmoja kule Majengo tukapiga hesabu mbele yao. Kwa bei ya kawaida, elfu kumi ya luku inaleta uniti 28 hivi, maana yake uniti moja ni kama shilingi 356. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja. Kisha tukamfikia dada mwenye jiko la koili la wati 2,000 anayechemshia maharage saa mbili. Hizo ni uniti nne, zaidi ya shilingi 1,400 kwa sufuria moja ya maharage, wakati jirani yake mwenye balbu mbili na simu amechanga sawa na yeye. Yule dada mwenyewe alishtuka. Hakuwa mwizi, alikuwa hajui.

Ushauri wa kamati: mwenye uwezo aombe mita ya kila chumba, au walau ya kila vyumba viwili. Asiyeweza afunge submita, yaani mita ndogo ya kupimia matumizi ya kila chumba, na usomaji ufanywe siku moja kila mwezi, wapangaji wote wakiwepo, kila mmoja apige picha ya namba. Usisome peke yako usiku na tochi halafu asubuhi utangaze bei. Na tafadhali, usiongeze chako juu ya uniti. Wapangaji wa siku hizi wanajua kugawanya.

Hapo hapo kwenye luku kuna kodi ya majengo. Ilianza kukatwa kwa njia hiyo mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda 2023 kuwa 1,500 kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Anayenunua luku ya kwanza ya mwezi ndiye anayekatwa, na mara nyingi ni mpangaji, wakati kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwambie atunze ujumbe wa simu, umpunguzie kwenye kodi ya chumba. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Nimeona watu wawili wakinuniana mwaka mzima kwa fedha hiyo, na mwisho chumba kikakaa miezi miwili bila mtu.

Wenye fremu za maduka: mpangaji mfanyabiashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato. Hajakuibia. Mdai uthibitisho wa malipo hayo uutunze, utauhitaji kwenye hesabu zako za mwaka. Na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka.

Madalali nitapita haraka. Mpangaji anamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, na dalali asiye mwaminifu anafurahi kila chumba chako kikiwa wazi. Usimwachie funguo, wala usimruhusu apokee kodi kwa niaba yako.

Kuhusu kupokea kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kamati haikukubaliana, kwa hiyo nasema kwa niaba yangu tu. Mimi napokea miezi mitatu. Ukishika ya mwaka mzima mwezi wa kumi na mbili, unapanda nayo mlimani, unainywa kwenye mbege na kuichoma na mbuzi, Januari ada za shule zinamalizia. Masika ikifika bati limeng'oka, chemba inafurika uani, na mpangaji ana haki yote ya kukuita, nawe huna hata ya msumari. Wapangaji nao, hasa wanafunzi wa vyuo, wengi hawana hiyo ya mwaka. Wenye nyumba za Longuo na Rau mnaopangisha wanafunzi, andikeni majina ya wote watakaolala chumbani. Unampangishia mmoja, baada ya wiki mbili unahesabu viatu mlangoni unakuta jozi saba.

Mabati na mifereji ikaguliwe Februari, kabla mvua haijaanza Machi. Choo kinyonywe wakati huo huo. Aprili gari la majitaka haliingii kwenye vichochoro vyetu vya tope, na hilo tulilishuhudia mwaka huu kwa pua zetu.

Amana ya mwezi mmoja ni halali yako kuishika, si halali kuila. Siku ya kuingia, piga picha na mpangaji: sinki, vitasa, vioo, soketi, ukuta. Siku ya kutoka, fungueni picha hizo pamoja. Mwanachama wetu wa Soweto alidai sinki limepasuliwa, mpangaji akatoa picha yake ya siku ya kwanza, ufa ule ule. Amana ikarudi yote.

Mfano wa mkataba uko mezani kwa katibu, kurasa mbili, Kiswahili chepesi, na nyuma una jedwali la malipo lenye nafasi ya tarehe na sahihi mbili. Kila mwanachama achukue kulingana na vyumba vyake, alipie gharama ya kutoa kopi tu. Mimi nimechukua sita. Kaunta buku langu nalo nimelileta, liko pembeni ya chupa ya chai, anayetaka kucheka akalitazame.