Kabla hujaenda kambini

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Nimefurahi kusikia umepewa kuandika habari za wakimbizi, na nimefurahi zaidi kwamba jambo lenyewe linakutia wasiwasi. Umeniuliza kama miaka yote hii ya kuandika habari za watu waliofukuzwa makwao imesaidia chochote. Nitakujibu, ila niache kwanza nizunguke kidogo.

Mei 2015 nilikuwa Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Rais Nkurunziza alikuwa ametangazwa kugombea muhula wa tatu, nchi ikachafuka, watu wakakimbia. Barabara ya gari haifiki pale. Makumi ya maelfu walirundikana ufukweni wakingoja MV Liemba iwachukue hadi Kigoma, watu mia sita hivi kwa safari moja, tena meli ilisimama mbali majini na abiria wakapelekwa kwa mitumbwi. Maji ya ziwa waliyoogea na kufulia ndiyo hayo hayo waliyokunywa. Kipindupindu kikaingia, na katika muda mfupi watu wapatao 30 walikuwa wamekufa.

Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya manila. Alinieleza bila kusita jinsi watu walivyokuja usiku kumtafuta mumewe. Nilipoinua kamera, alivuta kitenge akafunika uso wa mtoto, wake akauacha wazi. Mume alikuwa bado kule, amejificha, na mtoto anafanana na baba yake mno. Nikapiga picha ya mikono yake na ile kamba. Mhariri alitaka uso. Nilimwambia uso ule si wangu wala si wake.

Nimeanza na hilo kwa sababu kule utakutana na haraka ya kila aina, na haraka humsahau shahidi. Wewe utapanda gari urudi. Yeye atabaki, na ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka mikononi mwa wale wale uliowaandika. Mwanamke aliyebakwa huenda ameshahojiwa na watu chungu nzima kabla yako. Uliza kwanza kama anataka kusema tena, na akikataa, funga daftari. Usimwahidi msaada. Anayekueleza kwa kutumaini utampatia hema au nafasi ya kwenda ughaibuni hawezi kuwa huru kukukatalia.

Sasa swali lako. Nawafikiria sana waandishi wawili wa shirika la habari la Reuters, Wa Lone na Kyaw Soe Oo. Walikuwa wakifuatilia mauaji ya wanaume 10 wa Rohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini Myanmar, katika kijiji cha Inn Din, Septemba 2017. Walipata picha: wanaume wale wamepigishwa magoti wangali hai, kisha miili yao shimoni. Hawakuishia kwa familia zilizokimbilia Bangladesh. Waliwatafuta hata majirani Wabudha, na baadhi yao walikiri kuchoma nyumba na kuzika maiti. Ujasiri huo mimi nauheshimu kuliko wa kukimbia chini ya risasi. Desemba waandishi hao wakakamatwa. Mwezi uliofuata jeshi likakiri mauaji, likidai waliouawa ni magaidi. Taarifa ilipotoka Februari 2018, dunia ikasoma kwamba walikuwa wavuvi, wenye maduka, wanafunzi wawili na mwalimu wa dini.

Waandishi hao walihukumiwa miaka 7, wakaachiwa Mei 2019 baada ya siku zaidi ya 500. Askari saba walipewa miaka 10 kwa mauaji hayo, wakatoka kabla hata mwaka haujaisha. Inauma, na sitakuficha kwamba inaniuma hadi leo. Lakini wale kumi wana majina na kazi zao zimeandikwa, na neno "magaidi" halikupata pa kusimama. Kazi yetu imesaidia hivyo: imemziba mdomo anayetaka kukana. Kufungua mlango wa jela au kumrudisha mtu kwao, hilo liko mikononi mwa wengine.

Kwa hiyo andika tarehe, saa, jina la kijito walichovuka, rangi ya sare. Andika nani aliona kwa macho na nani alisikia kwa mwenzake, usichanganye. Majina ya mashahidi yaweke mbali na simu yako, maana simu hunyang'anywa mpakani.

Na unapolala, usilale peke yako na hayo uliyoyasikia. Nipigie, hata usiku wa manane.

Kabla hujaondoka niandikie mkalimani wako ni nani, ametoka upande gani, na nani amekuchagulia. Wakimbizi watamtazama yeye kwanza kabla ya kuamua wakuambie nini.

Akupendaye,
rafiki yako