Kitambaa hakipungui pamoja na mdoli

Mhariri,

Mafundi cherehani wengi wanashona magauni ya midoli kwa vipande vya kitenge vinavyobaki mezani, na wazazi wananunua. Kazi hii naipenda na ningependa idumu. Lakini magauni mengi yanamkaa mdoli kama boksi, na kosa si la mkono wa fundi. Anachukua gauni la mtu, analipunguza vipimo, anaendelea kushona kama alivyozoea.

Mdoli wa Barbie, aliyeonyeshwa mara ya kwanza New York Machi 1959, ana urefu wa sentimita 29 hivi, takribani sehemu moja ya sita ya mtu mzima. Vipimo utavigawa kwa sita, kitambaa hakigawanyiki. Kitenge chenye unene wa robo milimita kwake ni sawa na wewe kuvaa nguo ya milimita moja na nusu, yaani blanketi. Ua la sentimita 6 kwake ni ua la sentimita 36, linafunika kifua na tumbo lote.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye kuchagua kitambaa. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kitundike juu ya ncha ya kidole. Pembe zikisimama kama mwavuli, kiache. Zikilala kufuata kidole, kinafaa. Poplini ya shati kuukuu inafaa sana. Kanga iliyofuliwa mara nyingi nayo inafaa kuliko kitenge kipya, ila usikate mji, yaani sehemu ya katikati, maana maua yake ni makubwa. Tafuta vidoa na michoro midogo kwenye pindo. Na anayetaka kumfunga mdoli kanga kamili, kanga ya sentimita 150 kwa 110 ikigawanywa kwa sita inakuwa 25 kwa 18.

Unene huohuo ndio unaoharibu kiuno. Sketi ya marinda ya mtu huchukua kitambaa mara mbili au tatu ya kiuno. Ukifanya hivyo kwenye kiuno cha sentimita 9, marinda yanarundikana na mdoli anaonekana amefunga mto. Mara moja na nusu inatosha. Bora zaidi ni sketi ya duara, isiyo na marinda kiunoni. Chukua kiuno 9, ongeza 1 ya kupishana nyuma na 1 ya kukunja kingo, jumla 11. Gawa kwa 6.28, unapata karibu 1.8: hapo ndipo mshono utapita, kupima kutoka katikati ya duara. Tundu likate kwenye 1.3, ubakize nusu sentimita ya mshono. Ukilikata kwenye 1.8 kabisa, sketi itateleza hadi kwenye nyonga.

Mishono yote iachie milimita 5. Tumia sindano namba 9 au 11, na hatua ya mshono iwe milimita 1.5. Kitambaa kikimezwa na tundu la cherehani, weka ukanda wa karatasi nyembamba chini yake, shona, kisha uchane karatasi. Mikono ishonewe blauzi ikiwa bado imelala wazi, mabega tu yakiwa yameungwa. Ndipo ufunge ubavu na mkono kwa mshono mmoja. Ukifunga ubavu kwanza, tundu la kwapa ni dogo mno, mguu wa cherehani hauzunguki. Upana wa mkono upime kwenye kiganja, siyo kifundo, kwa sababu vidole vya mdoli havikunjwi na dole gumba hunasa. Kila mshono upige pasi kabla ya kushona unaofuata, juu ya mpini wa mwiko, maana meza ya pasi haiingii ndani ya nguo hii.

Mgongo uache wazi mpaka sentimita 2 chini ya nyonga, vinginevyo gauni halipandi. Velkro ya dukani ni pana na nzito, ikate iwe milimita 6. Vifungo vidogo vya kubonyeza vinakaa vizuri zaidi, japo vinashonwa kwa mkono. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, usiweke kifungo wala ushanga wowote.

Wauzaji nao waandike gauni ni la mdoli wa umbo gani. Tangu 2016 Barbie anauzwa pia akiwa mrefu, mfupi na mnene, na gauni la Barbie wa kawaida halifungi mgongoni kwa yule mnene. Mzazi anaporudisha gauni, fundi ndiye anayelaumiwa.

Jambo la mwisho ni rangi. Nyekundu, nyeusi na bluu iliyokolea huhamia kwenye plastiki ya mdoli, na doa hilo halitoki kwa sabuni. Kabla ya kukata, lowesha kitambaa, kiweke juu ya kitambaa cheupe, kipige pasi ya moto. Cheupe kikishika rangi, rudia kufua. Kikiendelea kushika, shona bitana nyeupe gauni zima.

Mhariri, ukurasa wako wa familia ukichapisha kiolezo cha blauzi moja kwa saizi yake halisi, kitaenea kwenye robo ukurasa, na msomaji atakikata gazetini moja kwa moja.

Fundi cherehani,
Tanga