Muuza gesi asiondoke kabla ya povu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wauza gesi wa mitaani, pamoja na wanaowapa leseni.

Mwezi uliopita niliamka saa kumi na moja alfajiri kuwapikia wanangu uji. Nilipofungua mlango wa jiko nikapokewa na harufu ya yai viza. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya taa. Mungu alinizuia, kwa sababu cheche ndogo ya swichi ingetosha kabisa. Nikafungua mlango wa uani, nikapapasa gizani hadi kwenye mtungi na kuzima regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopitisha gesi. Bado nikasikia sss, sss. Nikaichomoa kabisa, mdomo wa mtungi ukajifunga wenyewe, sauti ikakoma. Watoto nikawatoa kwa mlango wa mbele, hata sare hawajavaa.

Kulipopambazuka nikaukagua mtungi. Ndani ya mdomo wake kuna kipete cheusi cha mpira, chembamba kama kidole cha mtoto mchanga, ambacho ndicho kinachobana regulata isivujishe. Kilikuwa kimekatika upande mmoja. Kwa hiyo gesi ilikuwa inapita pembeni ya regulata, na sauti haikukoma hadi nilipoichomoa.

Mtungi ule, wa kilo 15, uliletwa jioni iliyotangulia na kijana wa bodaboda. Alifunga regulata, akawasha jiko, moto wa buluu ukatoka. "Iko poa, mama," akapokea hela yake na kuondoka. Simlaumu sana, ndivyo alivyofundishwa. Lakini moto wa buluu unaonyesha tu kwamba gesi imefika jikoni. Hauonyeshi kama nyingine inatoka njiani.

Kipimo chenyewe ni rahisi mno. Kijiko cha sabuni ya maji kwenye nusu kikombe cha maji, koroga, paka kwa sifongo kwenye mdomo wa mtungi na ncha zote mbili za mpira unaopeleka gesi jikoni, huku regulata ikiwa imefunguliwa na jiko limezimwa. Povu likivimba na kupasuka, panavuja. Ni kazi ya dakika mbili. Nimeshuhudia kwa macho yangu mtu mzima akipima kwa kiberiti, na nashukuru siku hiyo hapakuwa na kitu.

Gesi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Zikivuja zinatambaa sakafuni na kutuama, hasa kwenye majiko yetu yenye dirisha moja la juu. Fungua mlango, usitegemee dirisha. Ile harufu nayo inaongezwa makusudi ili tushtuke, maana gesi yenyewe hainuki. Mwenye mafua makali anaweza asiisikie, na hilo linanitisha zaidi nikimfikiria mama mkwe wangu anayeishi peke yake.

Nilipoanza kukagua nikakuta na kosa langu mwenyewe. Mpira wangu nilinunua mwanangu wa kwanza hajaanza shule, leo yuko darasa la tano. Nilipoukunja, nyufa zikajionyesha kila mahali, na karibu na ukuta palikuwa na alama za meno ya panya. Hapo wa kulaumiwa ni mimi. Nimeubadilisha siku hiyohiyo.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Naliunga mkono kwa moyo wote, kwani nimekohoa moshi wa kuni utoto wangu mzima. Mitungi inagawiwa kwenye mikutano, akina mama wanapigwa picha nayo, kisha wanaenda nayo nyumbani. Wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuigusa. Nani amewaambia mtungi usimame wima daima, usilazwe kwa kutafuta gesi ya mwisho, na usimwagiwe maji ya moto? Nani amewaonyesha kipete kile?

Ombi langu kwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ni moja. Kama duka linavyotakiwa kuwa na mizani, litakiwe pia kuwa na kopo la povu na akiba ya vipete, na anayeleta mtungi nyumbani apime mbele ya mteja kabla ya kulipwa. Asiyepima asilipwe. Duka ninalonunua sasa tumeshakubaliana hivyo. Kijana wao akifika anakuta kopo langu tayari juu ya meza, na wiki iliyopita alipaka mwenyewe, akainama kuangalia, na hakuniambia "iko poa" hadi povu lilipotulia.

Mama wa watoto watatu,
Ngamiani, Tanga