Wamarekani hawakufika mwezini kwa mkupuo mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Juzi mliandika habari ya safari za mwezini, nzuri tu, ila ilianzia Julai 1969 Armstrong anashuka ngazi na ikaishia hapohapo. Sasa huku Moshi gazeti moja likifika kijiwe cha kahawa linasomwa na kijiwe kizima, ubishi ukaanza palepale, eti haiwezekani watu wajaribu mara moja tu wafike, kwa hiyo ni sinema. Mimi nasema ubishi huo mmeupalilia nyie kwa kuruka miaka kumi na kitu ya mwanzo.

Maana roketi za mwanzo zilikuwa majanga matupu. Zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili ya mwezi, yalikuwa makombora ya vita. Jeshi la anga lilichukua kombora la Thor, likapachika vipande vingine juu, likaitwa Thor-Able, na tarehe 17 Agosti 1958 likarushwa kutoka Cape Canaveral na chombo cha kwenda kuzunguka mwezi. Sekunde 77 tu likalipuka, beringi ya pampu ya injini ilikufa. Lilikuwa limepanda kama kilomita 16, yaani hata Kilimanjaro tatu ukizipandanisha halijazimaliza. Fundi mmoja wa pampu za maji pale kijiweni aliposikia ya beringi alicheka sana, akasema kumbe hata huko.

Oktoba wakarusha chombo kingine, Pioneer 1, ikafika kilomita 113,800 hivi, mwendo haukutosha (mwezi uko kama kilomita 384,000), ikarudi ikaungulia hewani. Novemba Pioneer 2, kipande cha tatu kikagoma kuwaka. Desemba wakaja jeshi la nchi kavu na kina von Braun, yule mhandisi wa roketi, na roketi yao Juno II, hii ni kombora la Jupiter na juu yake vijiroketi 15 vya mafuta makavu vimepangwa kwenye pipa linalozunguka, 11 vinawaka kwanza, halafu 3, halafu 1. Injini ya chini ikazima mapema, Pioneer 3 nayo ikarudi, ingawa ilisaidia kugundua kwamba dunia imezungukwa na mikanda miwili ya mionzi na sio mmoja. Machi 1959 Pioneer 4, kadude ka kilo 6, kakapita mwezi kwa umbali wa kilomita 60,000, mbali mno hata kile kifaa chake cha kuhisi mwanga wa mwezi hakikushtuka. Na Warusi walishapita karibu zaidi Januari, Septemba chombo chao Luna 2 kikaugonga mwezi kabisa.

Atlas-Able, yaani kombora jingine la vita, Atlas, lililopachikwa vipande juu, ndiyo usiseme. Atlas bati lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba bila presha ndani linanywea kama mpira uliotolewa upepo. Wakaibebesha mzigo wa mwezi mwaka 1959 na 1960, hakuna hata mmoja uliofika.

Halafu vyombo vya Ranger, vya kwenda kuupiga picha mwezi, juu ya Atlas-Agena, yaani Atlas ileile na kipande cha juu kiitwacho Agena. Ya pili ilirushwa Novemba 1961, sisi wiki chache tu tupate Uhuru, Agena ikakataa kuwaka mara ya pili ikabaki hapahapa karibu na dunia. Ranger 3 ikaukosa mwezi, 4 ikaugonga ikiwa imeshakufa, 5 ikaukosa, 6 ikafika kamera zimezima! Ni Ranger 7 tarehe 31 Julai 1964 ndiyo ilituma picha zaidi ya 4,300, Muungano una miezi mitatu. Karibu miaka sita, na hizo ni picha tu, kutua salama bado.

Sasa nawauliza wanaosema sinema, mtu anayetaka kuidanganya dunia anaanza kwa kujiaibisha miaka sita mbele ya Warusi? Angetunga ushindi tangu siku ya kwanza.

Ombi langu ni hili, ule ukurasa wa sayansi wa Jumamosi uandikeni mfululizo wa hizi roketi, muweke na picha ya Ranger 7, vijana wa sekondari wataielewa vizuri tu. Kama nafasi ndio tatizo punguzeni ule utabiri wa nyota, maana mimi Mizani wiki ya tatu sasa mnaniahidi pesa.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi