Muulizeni mgeni ndege yake ni lini

Ndugu Mhariri,

Mimi ni nahodha wa boti hapa Mikindani. Riziki yangu ni uvuvi, ila bahari ikitulia wazamiaji wa mitungi hunikodi niwapeleke miambani, na mara mojamoja tunafika Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Watu huniuliza habari za papa. Sijamwona mzamiaji aliyeng'atwa na papa. Wanaoumia wengi ni wa masikio: mtu ana mafua, kalipia safari, anaona hasara kubaki ufukweni, anashuka hivyo hivyo.

Niliyemhofia zaidi ni kijana mmoja, mwaka jana. Yalikuwa maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kwa nguvu, mkondo ukamtenga na mwenzake. Akapata kiwewe, akapanda moja kwa moja kutoka kama mita 20. Bahati yake hakubana pumzi, maana hewa ya mapafuni hutanuka kadiri unavyopanda, na lazima ipate pa kutokea. Iliyovutwa mita 10 chini huwa maradufu ukifika juu. Wanaofundishwa vizuri hupanda polepole, mita 9 kwa dakika, na wakifika mita 5 hutulia dakika 3 ili naitrojeni, gesi ya hewa ya mtungi iliyoingia mwilini, itoke taratibu. Ukiharakisha, inafanya mapovu ndani ya damu, kama chupa ya tembo iliyoshinda juani ukiifungua kwa pupa.

Botini alikuwa anacheka. Jioni bega likamuuma, vidole vikafa ganzi, akasingizia uzito wa mtungi. Na asubuhi alikuwa na tiketi ya ndege ya Dar es Salaam! Huko angani shinikizo la hewa hupungua tena, mapovu yanakua. Mwenzake ndiye aliyemzuia. Akawekewa oksijeni, daktari anayejua maradhi ya wazamiaji akapigiwa simu, safari ikawa ya gari. Mtungi huo wa oksijeni ulikuwa umeachwa nchi kavu siku nzima. Nafasi yake botini ilikaliwa na deli la soda.

Naomba wenye biashara hii, na sisi manahodha, tuache kuoneana haya. Oksijeni ipande botini kabla ya deli. Wazamiaji wakiwa chini, injini ikae kimya mpaka ujue mapovu yao yako wapi. Na mgeni aulizwe siku ya ndege kabla hajavaa mapezi: aliyezama mara moja asubiri angalau saa 12, aliyezama mara kadhaa au siku mfululizo, saa 18 au zaidi.

Mimi nauliza siku hizi. Wiki iliyopita mmoja alinijibu kwamba ndege yake hainihusu. Nikarudisha nanga majini, nikakaa, mpaka akaitoa tiketi.

Nahodha,
Mikindani, Mtwara