Kompyuta ya gemu yenye nguvu na isiyopiga kelele: tunavyochagua vipuri

Mwezi uliopita kijana mmoja alitupandishia ngazi za duka letu hapa barabara ya Luthuli, Nairobi, akiwa amebeba mashine yake kifuani, imefungwa kwa leso ili vumbi la matatu lisiingie. Anaishi bedsita Roysambu. "Kila nikifungua gemu usiku, jirani anagonga ukuta," akatuambia. Alikuwa amedunduliza karibu mwaka mzima akanunua kadi kubwa ya grafiki, na nguvu aliipata kweli. Pamoja na nguvu hiyo alipata mvumo kama wa kinu cha kusagia unga.

Malalamiko ya namna hii tunayapokea karibu kila wiki, na anayeyaleta huwa tayari ameshaamua dawa: anataka feni za kimya. Feni tunazo, na tutakuuzia ukizihitaji. Lakini kwanza tunapenda kukueleza jambo hili: feni hukimbia kwa sababu kuna joto linalongoja kutolewa. Ukibadilisha feni na joto likabaki palepale, hiyo mpya nayo itakimbia. Kwa hiyo sisi huanza na joto. Linatoka kwenye kipuri gani, ni la wati ngapi, na likitoka hapo linapitia wapi hadi nje ya kasha?

Kabla ya kutoa hata shilingi, sikiliza mashine yako. Chukua gazeti, likunje liwe mrija, weka ncha moja sikioni na nyingine isogeze polepole mbele ya kila sehemu huku gemu likiendelea. Usiguse feni inayozunguka. Utashangaa jinsi sauti zinavyotengana. Mvumo wa upepo ni feni zinazokwenda kasi. Mkwaruzo unaokuja na kupotea ni feni iliyochakaa ndani, hiyo badilisha tu. Mngurumo wa chini unaotikisa meza mara nyingi ni hard disk ya zamani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, ikiwa imekazwa chuma kwa chuma. Hamishia gemu kwenye SSD, hifadhi ya kisasa ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake, na mngurumo utaisha. Kuna pia mlio mwembamba kama wa mbu, unaozidi ukiwa kwenye menyu ya gemu. Hizo ni koili za kadi zikitetemeka kwa umeme kwa sababu kadi inachora fremu, yaani picha moja moja za gemu, mamia kwa mamia bila mpaka. Weka kikomo cha fremu kulingana na skrini yako, na mara nyingi huyo mbu ananyamaza.

Halafu fungua kasha. Mafundi wetu hufikia hatua ya kukisia mteja anatoka wapi kwa kutazama rangi ya vumbi. Mashine ya Ruaka au Kikuyu huwa na vumbi jekundu, na ya Embakasi au Syokimau hutoa lile la kijivu la udongo mweusi. Katika mashine ya kijana wa Roysambu, vumbi lilikuwa limeshikana na manyoya ya zulia hadi likawa kama kipande cha blanketi kilicholala juu ya mapezi ya kipozeo cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Tulilitoa kwa mkono likiwa zima. Hewa haikuwa na pa kupenya.

Hilo lilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa kasha lenyewe: uso wake wote ni kioo, taa zinawaka vizuri ajabu, na hewa inaingilia kwenye upenyo mwembamba kama wa kidole pembeni. Tulipoondoa kile kioo na kuiacha mashine iendelee na gemu, feni za kadi zilianza kushuka kasi zenyewe, nasi hatujabadilisha kipuri hata kimoja. Ndiyo maana ukituuliza kuhusu kasha, tutakuelekeza kwenye lenye uso wa wavu na kichujio cha vumbi kinachochomoka kwa urahisi. Wengi hudhani kasha lililozibwa na kuwekewa sponji ndilo tulivu zaidi. Kwa mashine ya kazi za ofisini, sawa. Kwa mashine ya gemu, joto likinaswa ndani feni hupandisha kasi, na ile sponji inaanza kupigana na kelele iliyoisababisha yenyewe.

Sasa tuje kwenye vipuri vinavyozalisha joto. Kila wati inayoingia kwenye prosesa au kadi hutoka ikiwa joto, hakuna inayopotea njiani. Kwa hiyo ukilinganisha vipuri viwili vyenye uwezo unaokaribiana, soma wati kabla ya kusoma kitu kingine. Prosesa ya Core i9-14900K ya Intel inaruhusiwa kufika wati 253. Ryzen 7 7800X3D ya AMD, iliyotoka mwaka 2023, imewekewa kiwango cha wati 120, na kwenye gemu kwa kawaida hula chini ya hapo kwa mbali. Hata hivyo katika gemu nyingi haiachwi nyuma, kwa sababu ina akiba ya MB 96 ya kumbukumbu ya karibu (cache) ndani ya prosesa yenyewe, na gemu hupenda sana kumbukumbu hiyo. Mwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya AM4, soketi ya prosesa za AMD za kizazi kilichotangulia, hana haja ya kuitupa. Sasisha BIOS, programu inayoiwasha mazabodi, kisha uliza kama mazabodi yako inakubali prosesa ya Ryzen 7 5700X3D. Tumewafanyia wateja kadhaa hivyo, wakabaki na RAM na mazabodi zilezile.

Upande wa kadi hesabu ni hiyohiyo. Kadi ya Nvidia ya RTX 3080 hula wati 320, na RTX 4070 hula 200 huku uwezo wao ukikaribiana. Hizo wati 120 za tofauti ni kama kuondoa balbu mbili za zamani za wati 60 zilizokuwa zikiwaka ndani ya kasha. Na kama tayari unayo 3080, usiiuze kwa hasira. Punguza kikomo chake cha umeme hadi karibu asilimia 80 kwa programu ya bure. Fremu zitakazopotea ni chache, na wengi hawazioni kwa macho, lakini sikio litasikia tofauti mara moja. Huduma hiyo tunaifanya mteja akisubiri, na tunapenda kuifanya kabla ya kumuuzia chochote.

Baada ya kupunguza joto ndipo tunafika kwenye feni, na hapa kuna hesabu tunayopenda kuwaonyesha wateja kwa kalamu. Feni ikipunguziwa kasi kwa nusu, hewa inayosukuma inapungua kwa nusu, lakini kelele yake hushuka kwa takriban disibeli 15. Ukiongeza feni ya pili iliyo sawa nayo, kelele inapanda disibeli 3 tu. Maana yake feni mbili za mizunguko 800 kwa dakika zinasukuma karibu hewa ileile ya feni moja ya mizunguko 1,600, kwa kelele iliyo chini kwa disibeli 12 hivi. Sikio la binadamu huhisi kushuka kwa disibeli 10 kama sauti kupungua nusu. Kwa hiyo nunua feni kubwa, za milimita 140 kama kasha linazipokea, na uziendeshe taratibu.

Kipozeo cha prosesa nacho kifuate mkondo huo: chuma kingi, mirija ya shaba ya kutosha, feni isiyo na haraka. Noctua NH-D15 ni mfano unaojulikana, na zipo za bei nafuu zaidi zinazofanya kazi ya kuridhisha kabisa. Pima urefu wa nafasi kwenye kasha kabla ya kulipa. Vipozeo vya maji tunaviuza, lakini kwa anayetaka utulivu hatuvitangulizi, maana pampu huzunguka hata mashine ikiwa imetulia, na wenye masikio makali huisikia usiku.

Wateja wengine hutuuliza kwa nini namba walizosoma za majaribio ya Ulaya hazilingani na za hapa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Feni ikizunguka mara zilezile inabeba joto pungufu. Kwa bahati nzuri baridi yetu inafidia sehemu kubwa ya pengo hilo, hasa Juni hadi Agosti. Sisi huongeza ukubwa wa kipozeo hatua moja juu ya kile kinachotosha kwenye karatasi, tukifikiria mchana wa Februari.

Pawa saplai, kifaa kinachogawia vipuri umeme, husahaulika, nayo ina feni yake. Tuseme vipuri vyako vinahitaji wati 350. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 92 itageuza kama wati 30 kuwa joto, na yenye asilimia 75 itapoteza zaidi ya 110, ambazo unazilipia kwenye stima na kuzisikia kwenye feni. Chukua yenye alama ya ufanisi ya daraja la Gold, wati 650 au 750, ili ifanye kazi karibu na nusu ya uwezo wake. Nyingi za namna hiyo husimamisha feni kabisa mzigo ukiwa mdogo.

Wenye mashine za ofisi za ex-UK, zilizotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, tunawakumbuka. Pawa saplai zao mara nyingi ni ndogo na plagi zake ni za kampuni yenyewe, kwa hiyo kadi kubwa haitaingia kirahisi. Tazama kadi ya RTX 3050 ya GB 6. Inakula wati 70 na inapata umeme wote kutoka kwenye mazabodi. Ikiwa kasha lako ni lile jembamba, taja hilo mapema tukutafutie toleo fupi.

Ukija, beba mashine yenyewe, si picha yake, na utuambie skrini yako ni ya ukubwa gani na inaonyesha fremu ngapi kwa sekunde. Kusafisha, kubadilisha pasta ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo na kurekebisha kasi za feni huchukua asubuhi moja. Jaribio la kelele tunalifanya saa mbili usiku, baada ya maduka ya spika ya jirani kufunga, kwa hiyo mashine iliyoletwa leo huchukuliwa kesho yake. Kijana wa Roysambu aliondoka na uso mpya wa wavu, feni mbili za milimita 140 na kadi yake ileile.