Shukrani kwa Aliyenisaidia Kujibu Dai la Ulaghai

Napenda kumshukuru hadharani mtu ambaye, kwa ombi lake mwenyewe, simtaji jina. Mnunuzi wa nyumba yangu aliponishtaki akidai kwamba nilimficha unyevu wa ukutani ili atie saini mkataba, ni yeye aliyenieleza kwa utulivu kwamba kudai ulaghai si sawa na kuuthibitisha. Mdai hana budi kuonyesha kwamba nilitoa kauli ya uongo kuhusu jambo la msingi, nikijua kuwa ni ya uongo au bila kujali kama ni ya kweli, kwa nia ya kumshawishi, naye akaitegemea na kupata hasara. Na kwa kuwa tuhuma hiyo ni nzito, mahakama nyingi hutaka ushahidi wenye nguvu kuliko ule wa madai ya kawaida.

Kisha tulipitia jalada zima. Hati ya madai haikutaja nilisema maneno gani, lini, wala kwa nani, na kasoro hiyo ndiyo wakili wangu aliyoijengea hoja ya kwanza ya utetezi. Tulipofika kwenye ripoti ya mkaguzi aliyeajiriwa na mnunuzi mwenyewe, yule aliyenisaidia aliweka kidole kwenye mstari uliotaja madoa ya maji chini ya dirisha. Ripoti hiyo ilipokelewa kabla ya saini. Aliyeisoma atasemaje kwamba alitegemea kauli yangu? Alinisihi pia nisifute ujumbe wowote wa simu, hata ule ulioonekana kunidhuru.

Kuitwa tapeli kunauma kuliko kupoteza fedha, naye alilielewa hilo bila kuambiwa. Ndugu yangu, pokea shukrani zangu za dhati.